Kijana mwenye ulemavu akishamaliza shule, nani anampokea? Uzi kwa wazazi, walezi na vijana wenyewe

Mwalimu wa Kitengo (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Nafundisha katika kitengo cha elimu maalumu kilicho ndani ya shule ya kawaida, na swali ninaloulizwa na wazazi kuliko yote ni la mtoto anayekaribia kuondoka: akitoka hapa anakwenda wapi? Nimeona nilijibu kwa kirefu, kwa sababu majibu yanayozunguka mitaani ni mawili tu na yote hayamsaidii mtu. La kwanza linasema serikali haina chochote kwa watu wenye ulemavu. La pili linasema kila kitu kipo, ni wazazi tu wasiofuatilia.

Ninavyoona mimi, mtoto akiwa shuleni huduma humfuata. Mwalimu ndiye anayemwandikisha, ndiye anayeomba mashine ya nukta nundu, ndiye anayehakikisha kwamba Baraza la Mitihani lina taarifa zake, na madaktari wakija wilayani ni shule inayopeleka majina. Siku anapomaliza, hakuna tena mtu mwenye wajibu wa kulipeleka jina lake popote. Huduma za watu wazima zipo, lakini zinasubiri kuombwa, na zinataka aombe mwenyewe, kwa jina lake na kwa karatasi zake. Kijana aliyelelewa miaka yote hiyo akiombewa na wengine hujikuta hana karatasi hata moja zaidi ya cheti cha shule.

Kwa hiyo naanza na karatasi, maana zinachukua muda kuliko watu wanavyodhani. Watoto wengi wa bweni waliletwa shuleni bila cheti cha kuzaliwa, na mzazi hukumbuka hilo pale kijana ametimiza miaka 18 na amekwenda NIDA kuomba kitambulisho cha taifa. Bila namba ya NIDA hasajili laini ya simu kwa jina lake, bila laini hana akaunti ya fedha ya simu, na benki nayo itaidai namba hiyo hiyo. Cheti kiombwe RITA, ofisi inayosajili vizazi na vifo, mapema, mtoto akiwa bado darasa la saba au kabla. Karatasi ya pili ni taarifa ya daktari inayoeleza aina ya ulemavu. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, kwa mfano, hutaka ulemavu wa mwombaji uthibitishwe na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa, na kumtafuta mganga mkuu wakati dirisha la maombi limebakiza siku chache ni adhabu. Ya tatu si karatasi hasa, ni jina lake kuwemo katika daftari la watu wenye ulemavu la mtaa au kijiji. Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 iliweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa hadi mkoa. Kuna mitaa ambako kamati hiyo haijawahi kukaa kikao, nalijua hilo. Hata hivyo afisa ustawi wa jamii akiambiwa alete majina ya watu wa kupewa viti mwendo, fimbo nyeupe au nafasi za mafunzo, hutazama kwanza yale yaliyokwisha kuandikwa.

Kuhusu ufundi, vipo vyuo vya ufundi stadi na marekebisho vilivyowekwa mahsusi kwa watu wenye ulemavu: Yombo hapa Dar es Salaam, Sabasaba mkoani Singida, Luanzari Tabora, Masiwani Tanga, Mirongo Mwanza na Mtapika huko Masasi. Baadhi vililala kwa miaka kadhaa kabla ya kufufuliwa, kwa hiyo pitia kwanza ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako uulize hali ya chuo ikoje, usifunge safari na begi kichwani. VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, nayo hupokea vijana wenye ulemavu katika vyuo vyake vya kawaida. Mimi huwashauri wazazi waanze na VETA iliyo karibu na nyumbani, na chuo maalumu kiwe njia ya pili, kwa sababu kijana anayesoma na wenzake wa mtaani hupata na wateja wa baadaye humo humo. Najua wapo humu watakaonipinga.

Naomba kila mwenye uzoefu aongeze. Tafadhali tuandike mambo tunayoyajua, tuziache lawama za jumla.

Fundi Magurudumu

Mwalimu, shikamoo. Nakupinga kwa heshima zote.

Mimi natumia kiti mwendo na nimepita chuo maalumu. Unayosema kuhusu wateja ni kweli, ila umeruka jambo moja. Kabla ya ufundi, kuna kujifunza kuishi. Nyumbani nilikuwa nabebwa na kaka zangu kwenda bafuni. Chuoni nilikuta wenzangu wenye hali kama yangu wanaoga wenyewe, wanafua, wanahama kutoka kitini kwenda kitandani bila kuita mtu, na ni wao walionifundisha, hakuna mwalimu aliyenifundisha. Karakana nayo ilikuwa na meza za useremala zilizokatwa miguu ili mtu aliyekaa azifikie. Chuo cha kawaida kilicho karibu na kwetu kina ngazi tatu mlangoni na choo ambacho kiti hakiingii. Ukimpeleka huko kijana ambaye hajawahi kujitegemea kwa lolote, atarudi kabla ya likizo ya kwanza, na watu watasema mlemavu hawezi masomo.

Udhaifu wa vyuo vyetu uko mwisho, si mwanzo. Mimi nilisomea ushonaji kwa cherehani ya umeme. Nilirudi kijijini ambako wakati huo umeme ulikuwa haujafika, na cherehani iliyopatikana huko ilikuwa ya kukanyaga, ambayo miguu yangu haiwezi kuikanyaga. Cheti nilikuwa nacho, kazi sikuwa nayo. Kilichoniokoa ni fundi baiskeli aliyenichomelea mkono wa kuzungushia gurudumu la cherehani, kwa hiyo nikawa nashona kwa mkono wa kushoto na kuzungusha kwa wa kulia. Ni polepole, lakini sare za shule hazina mtindo mgumu na ndizo zilizonipatia mtaji.

Ushauri wangu kwa mzazi: kabla kijana hajachagua fani, nenda ukatazame chombo atakachokitumia akirudi nyumbani. Usitazame kile cha chuoni.

Afisa wa Kata

Ndugu wanajukwaa, mimi ni afisa maendeleo ya jamii katika halmashauri ya wilaya. Sitaitaja, na ninayoandika ni maoni yangu.

Fundi Magurudumu amegusa mtaji, nami nitabaki hapo hapo. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kwa kifungu cha 37A kilichoongezwa mwaka 2018, inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya kasoro nyingi za usimamizi na marejesho, ikarudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Halmashauri 10 za majaribio, zikiwemo Jiji la Dar es Salaam, Jiji la Dodoma, Siha na Bumbuli, zilipangiwa kutoa kupitia benki, na nyingine zikaendelea kutoa zenyewe. Maombi huingizwa katika mfumo wa kielektroniki, na hapo ndipo maneno ya Mwalimu kuhusu NIDA na laini ya simu yanapoonekana maana yake. Mwombaji ambaye namba zake hazisomani na jina lake hukwama kabla hatujauona mradi wenyewe.

Mambo mawili ambayo watu hawayaelewi vizuri. La kwanza, kijana mwenye ulemavu anaweza pia kuingia katika kikundi cha vijana na kuomba kutoka katika ile asilimia 4, na msichana anaweza kuomba kupitia kikundi cha wanawake. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba lazima abaki kwenye fungu la asilimia 2. Nawaambia hivyo vijana wanaokuja ofisini kwangu na wengi hushangaa. La pili, kanuni zimewalegezea watu wenye ulemavu idadi ya wanakikundi ikilinganishwa na makundi mengine, kwa kuwa kijijini unaweza kukuta watu wachache sana wenye ulemavu wenye nia ya biashara moja. Muulize afisa wako kanuni ya sasa inasemaje, na umwombe akuonyeshe maandishi.

Nisiwadanganye kuhusu ukubwa wa fungu. Halmashauri inayokusanya shilingi bilioni 1 ya mapato ya ndani, asilimia 2 yake ni shilingi milioni 20, na fedha hizo hazinunui hata bajaji mpya tatu. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina fulani, ingawa humo wamo wenye shida ndogo. Jiji lenye viwanda na masoko lina cha kugawa, wilaya ya wakulima na wafugaji ina kidogo. Kwa hiyo kijana wa Ilala jijini Dar es Salaam na kijana wa wilaya yangu hawana nafasi sawa hata kama sheria yao ni moja, na hilo haliwezi kurekebishwa na afisa wa kata.

Andiko la mradi lisiwe refu. Tunataka kuona mnauza nini, mnamuuzia nani, na mwezi ukiwa mbaya mtarejeshaje. Vikundi vingi huandika kurasa kuhusu mateso ya wanakikundi na mstari mmoja kuhusu biashara.

Kimya Kingi

Nimesoma yote. Mimi ni kiziwi, nina miaka 23, na nadhani ni kijana wa kwanza wa umri huo kuandika katika uzi huu unaowahusu vijana.

Mwalimu amesema kijana aombe mwenyewe. Sawa. Niwaeleze ilivyokuwa nilipoomba mwenyewe. Nilikwenda kwenye ofisi moja ya umma nikiwa na faili langu la plastiki, ndani yake kitambulisho, cheti cha kidato cha nne, barua ya mwenyekiti wa mtaa na taarifa ya hospitali, vyote kwa mpangilio. Mama alinisindikiza. Afisa alilifungua faili, akaninyanyulia macho mara moja, kisha mazungumzo yote akayafanya na mama. Mama hajui lugha ya alama. Tunazo ishara zetu za nyumbani, za chakula, maji, njoo, ngoja, kaka yako yuko wapi. Hana ishara ya riba wala ya marejesho. Aliulizwa nataka kufanya biashara gani, akajibu alichodhani, na fomu ikajazwa ufugaji wa kuku. Mimi nilikwenda kuomba mtaji wa kutengeneza simu.

Baadaye nilikwenda CHAVITA, chama chetu cha viziwi, nikaelekezwa mkalimani, na tuliporudi fomu ikabadilishwa. Kwa hiyo nawaomba wazazi wa viziwi mfanye mambo mawili. Jifunzeni lugha ya alama mapema, kwa sababu mtoto wenu atakuwa mtu mzima mwenye mambo ya watu wazima ya kuzungumza nanyi, yakiwemo ya ndoa na ya afya yake. Na siku ya kwenda ofisini, msikae kiti kilicho mbele ya afisa. Kaeni pembeni, akae mwenye faili.

Kwa Afisa wa Kata: kalamu na karatasi mezani hazigharimu kitu.

Afisa wa Kata

Kimya Kingi, umesikika. Nakiri kwamba katika ofisi nyingi za ngazi ya kata hakuna mkalimani, na bajeti yake haipo. Karatasi nitaiweka mezani.

Msafiri wa Nyanda za Juu

Kuhusu hilo la karatasi, nimeona likifanya kazi vizuri Iringa mjini, kwa Neema Crafts, mradi ulioanzishwa mwaka 2003 na Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana. Wahudumu wa mgahawa wao ni viziwi. Mteja anaandika kwenye kijitabu anachotaka, na ukutani na mezani zimechorwa ishara za kawaida ili anayetaka ajaribu kuagiza kwa mkono. Katika karakana zake wanafanya kazi watu wenye ulemavu wa aina mbalimbali, wanafuma, wanashona, na walianza kwa kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Kinachonivutia pale ni kwamba watu wananunua kwa sababu bidhaa ni nzuri na chakula ni kizuri. Hakuna anayeombwa amhurumie mtu.

Mama Kijana

Samahani kwa kuingilia, nimesubiri nione kama kuna atakayemgusa mwanangu.

Nina kijana mwenye ulemavu wa akili, ametimiza miaka 20. Mmesema aombe mwenyewe, ashike faili mwenyewe, akae mbele ya afisa. Wangu anajua kuosha vyombo, anapenda kumwagilia bustani, anawajua majirani wote kwa majina, lakini hawezi kuhesabu chenji na hawezi kueleza mkopo ni nini. Alipokuwa shuleni alikuwa na pa kwenda asubuhi. Sasa anaamka, anavaa yale mashati ya shule, anakaa kibarazani. Mimi nauza chakula na sina wa kumwachia. Vyuo mlivyovitaja vingine vilinijibu kwamba havina walimu wa aina yake.

Matibabu nayo yamebadilika. Alipokuwa mdogo tulikuwa na kliniki ya watoto na wataalamu waliomjua, na bima ya baba yake ilimfunika. Amevuka umri wa utegemezi, jina limetoka kwenye kadi, na kwenye kliniki ya watu wazima tunaanza kujieleza upya kwa kila daktari.

Nauliza jambo moja: kwa kijana kama huyu kuna nini?

Mwalimu wa Kitengo

Mama Kijana, pole, na umeuliza swali ambalo mfumo wetu umelijibu vibaya kuliko yote. Niseme wazi kwamba kwa vijana wenye ulemavu wa akili waliovuka umri wa shule, karibu kila kitu kilichotajwa juu hakikutengenezwa kwa ajili yao. Mkopo unataka mtu anayeweza kuweka sahihi akijua anachokisaini, na ajira inataka mtu anayeweza kufanya usaili. Nisingependa mtu yeyote humu akuambie kwamba hujafuatilia.

Yapo machache. Kuhusu matibabu, hospitali za wilaya na za mkoa huwa na afisa ustawi wa jamii, na yeye ndiye anayeshughulikia misamaha kwa wasio na uwezo. Nenda kwake kabla kijana hajaugua, ukiwa na barua ya mtaa, badala ya kumtafuta usiku wa dharura. Omba pia kliniki ya watoto ikuandikie muhtasari wa historia yake, kurasa mbili zinatosha, zitakupunguzia kujieleza. Kama kaya yenu imo katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, hakikisha kwamba ulemavu wake umeandikwa katika taarifa za kaya.

Kuhusu siku yake kupita, Special Olympics Tanzania huchukua wenye ulemavu wa akili katika michezo na haiwaondoi kwa kuwa watu wazima. Kwa mama anayeuza chakula asubuhi, mazoezi ya siku chache kwa wiki ni nafuu ndogo, lakini kijana anakuwa na wenzake na anakuwa na siku anayoisubiri. Chama cha watu wenye ulemavu wa akili na wazazi wao kipo chini ya SHIVYAWATA, lile shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu. Waulize kama kuna tawi karibu nawe.

Na pale kwangu, wazazi wa vijana waliomaliza tumewapa darasa moja lisilotumika mchana. Wanapokezana zamu, vijana wanapika maandazi na kupanda mboga, na mboga zinauzwa kwa walimu. Haina usajili wala ufadhili. Inawawezesha mama wengine watatu kwenda sokoni kila siku wakijua mtoto yuko wapi. Mkuu wa shule yenu akikubali, jambo hilo halihitaji kibali cha Dodoma.

Wakili wa Mtaani

Niongeze mawili ya sheria kisha niwaache.

Moja linamhusu Mama Kijana. Kijana wake akishafika miaka 18 ni mtu mzima mbele ya sheria, na mzazi hawi tena msemaji wake kwa kila jambo kwa sababu tu ni mzazi. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na kifungu chake cha 12 kinataka mtu asaidiwe kufanya uamuzi, asinyang'anywe uamuzi. Kwa mambo ya kila siku hilo halitawasumbua. Litasumbua siku ya mirathi. Nimeona ndugu wakigawana nyumba kwa hoja kwamba "huyu hajui kitu". Kama mna kiwanja au nyumba, andikeni wosia mapema, mtaje sehemu yake na mtaje nani ataisimamia kwa faida yake. Wasaidizi wa kisheria wapo katika wilaya nyingi na huduma yao ni bure.

La pili ni la ajira. Sheria ile ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Utekelezaji ni hafifu, lakini ukiitaja katika barua ya maombi haikupunguzii kitu. Kwa kazi za serikali, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huwataka waombaji wenye ulemavu waainishe ulemavu wao ndani ya mfumo wa maombi. Vijana wengi wanaogopa kuandika wakidhani watakatwa, kisha wanafika kwenye usaili ghorofani au wanapewa mtihani wa maandishi madogo wasioweza kuusoma. Andika. Usipoandika, hakuna atakayeandaa chochote.

Fundi Magurudumu

Kimya Kingi, biashara ya simu uliianza? Nauliza kwa sababu hapa kwetu fundi simu aliyekuwepo amehamia mjini, na kibanda changu kina nafasi upande mmoja. Umeme ulishafika mwaka jana. Mlango hauna ngazi.

Kimya Kingi

Nimeianza, ila kodi ya fremu niliyopanga inakula faida yote. Nitumie ujumbe wa faragha unieleze ni wilaya gani. Nitakuja na mkalimani siku ya kwanza, baada ya hapo tutaandikiana.